Paka Niliyemwogesha Dawa ya Mbuzi

Kila kijana anayekuja kunisalimia siku hizi ana picha ya paka kwenye simu. Shikamoo babu, marahaba, na kabla sijauliza habari za nyumbani simu imeshasogezwa puani kwangu: "Babu, huyu anaitwa Prince, mbona anajikuna?" Mie nimestaafu. Barua ninayo, kwenye bahasha, kabatini. Lakini Mbagala hii bado wananiita Bwana Mifugo, na hakuna anayetaka kusikia habari za bahasha. Basi leo nawajibu nyote kwa mpigo. Kaeni vizuri, na wewe mwenye Prince weka simu mfukoni.

Kwanza mjue kwamba paka hakuwa mgonjwa wangu. Nilikuja Dar nikitokea Tabora, nina cheti cha mifugo na viatu vya mpira, nikakabidhiwa ng'ombe wa maziwa waliofugwa nyuma ya nyumba za watu, mbuzi wa kamba, na kuku wa mayai wasiohesabika. Nimechanja kideri mpaka kuku wakawa wanakimbia wakisikia baiskeli yangu. Paka tulikuwaga tunamwona anapita ukutani, tunasema yule anajitibu mwenyewe, ana roho ngumu. Hata chuoni, somo lake lilikuwa nusu ya asubuhi, na asubuhi yenyewe nilikuwa naumwa malaria.

Na hapo ndipo ugonjwa wetu sie watu wa mifugo ulipo. Kwetu kila mnyama ni ng'ombe, ukubwa tu ndio unatofautiana. Mbuzi ni ng'ombe mdogo. Mbwa ni ng'ombe anayebweka. Paka ni ng'ombe wa kilo tatu. Ukishafikiri hivyo, siku yako ya aibu iko njiani inakuja.

Yangu ilikuja nikiwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nawaambia umri wa kazi makusudi, msije mkadhani nilikuwa mwanagenzi. Nilikuwa mzee mzima, mwenye mvi, mwenye kuitwa mtaalamu, na nilikaribia kumuua paka wa jirani yangu kwa mikono yangu hii miwili.

Paka mwenyewe alikuwa wa Bi Mwanahawa. Huyu ni mjane, Mzaramo wa hapa hapa, anauza mchele, kunde na choroko sokoni, na magunia analaza nyumbani kwake. Mie Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na hatujawahi kusalimiana bila kutukanana. Nikipita mlangoni kwake asubuhi ananiuliza, "Mtani, bado hujafa?" Namjibu, "Nakusubiri wewe, nije nirithi magunia." Watu wageni walikuwa wakidhani tuna kesi.

Paka aliitwa Kandambili. Marehemu mumewe alitoka msikitini siku moja akakuta kandambili yake ya kushoto imelaliwa na kipaka cha kijivu, hakitaki kuamka. Akarudi nyumbani mguu mmoja peku, kandambili na kipaka mkononi. Mzee alipofariki, yule paka alihamia miguuni kwa Bi Mwanahawa, akawa analala hapo kila siku. Bi Mwanahawa hakuwa mtu wa kulialia, lakini aliniambia mara moja, bila utani, "Huyu ndiye anayejua saa ninayoamka." Kwa hiyo mkisikia paka, msifikirie paka wa kukamata panya tu, ingawa panya nao aliwakamata.

Tena huyu mama, ambaye hakukanyaga chuo chochote cha wanyama, ndiye aliyenifundisha paka. Siku ya kwanza nilimsalimia Kandambili kama ninavyomsalimia ng'ombe, kofi la mgongo, paa! Ng'ombe anapenda, anajua umefika. Kandambili alinichana kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Bi Mwanahawa akacheka mpaka khanga ikadondoka begani.

"Mtani, huyo si fahali wa Tabora! Kaa chini. Usimkazie macho, kumkazia macho ni kumtafutia ugomvi. Tazama pembeni, halafu mfumbie macho taratibu, umwambie huna ubaya."

Nikaketi kwenye kigoda, bwana mkubwa wa serikali, nikawa namfumbia paka macho. Baada ya muda naye akanifumbia, taratibu, akaja kunusa kidole. Jaribuni wenyewe mkirudi nyumbani.

Alinifundisha na mkia. Mbwa akitikisa mkia anakukaribisha. Paka akiuchapa mkia huku na huku, toa mkono wako haraka, umeshamchosha. Akiusimamisha wima, ncha imepinda kidogo, huyo amefurahi kukuona. Na ule mngurumo wake wa kooni msiuamini peke yake. Paka anaunguruma akiwa na raha, na anaunguruma vilevile akiwa na maumivu makali, anajibembeleza. Mtazameni mwili mzima. Paka anayeumwa hasemi. Anajikunyata pembeni, anaacha kujilamba, manyoya yanasimama, sahani haigusi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika wanyama wote niliowatibu sijaona mficha maradhi kama paka.

Haya, siku yenyewe. Kandambili alikuwa amezaa watoto wanne, wana wiki mbili, ndani ya boksi la sabuni chini ya kitanda cha Bi Mwanahawa. Viroboto wakaingia. Paka anajikuna mpaka anaamka katikati ya kunyonyesha. Bi Mwanahawa akaniita nikipita.

"Mtani, wewe si daktari wa kuku? Hebu nisaidie na huyu."

Nilikuwa natoka kuogesha mbuzi mtaa wa pili. Bomba la kunyunyizia liko mgongoni, dawa imebaki. Dawa hii inaua kupe, inaua chawa, kiroboto ni nani asife? Hata hivyo nilijiona nina busara. Nikasema mbuzi ana kilo ishirini, huyu tatu, basi tuizimue. Nikaongeza maji, nikaongeza tena. Nikamshika Kandambili, nikampulizia kuanzia shingoni mpaka mkiani, nikapulizia na khanga kuukuu iliyotandikwa kwenye boksi. Watoto sikuwagusa, akili kidogo ilikuwa imebaki. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikanywa chai ya tangawizi, nikasifiwa, nikaondoka.

Kandambili akajitikisa, akakaa juani, akaanza kujilamba.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo somo lilipo, na mwenye kalamu aandike. Ng'ombe hajilambi mwili mzima. Paka anajilamba kila unywele, kutwa, ndiyo kazi yake ya pili baada ya kulala. Chochote unachompaka paka, umemlisha. Na ini la paka si ini la mbuzi. Kuna dawa ambazo mbuzi, mbwa, hata mtu, ini lake linazivunja zikatoka kwenye mkojo bila matata. La paka haliwezi. Zinabaki zinazunguka mwilini, zinamuunguza mishipa. Kuzimua kwangu hakukuwa na maana yoyote. Kosa halikuwa kiasi, kosa lilikuwa dawa yenyewe kumgusa.

Baada ya swala ya adhuhuri simu ikalia, ni jirani mmoja. "Bwana Mifugo, kimbia, Kandambili anakufa!"

Nilimkuta kalala nje, pembeni ya pipa la maji la Mama Shedrack. Anatetemeka mwili wote, masikio yanacheza, udenda unamtoka, miguu imekakamaa. Na watu wamejaa. Katikati yao Bi Mwanahawa amefunga khanga kiunoni, anamnyooshea kidole Mama Shedrack.

Mama Shedrack ni jirani wa ukuta mmoja, mtu wa Mbeya, mwimbaji wa kwaya, mkaanga dagaa. Yeye na Bi Mwanahawa walikuwa na ugomvi wa muda mrefu kwa sababu Kandambili alikuwa akiiba dagaa walioanikwa. Wiki mbili kabla, pale bombani, mbele ya foleni nzima ya ndoo, Mama Shedrack alikuwa ametamka kwa sauti: "Huyo paka nitamtegea sumu!" Mtaa mzima ulisikia. Sasa paka kaonekana anakata roho ubavuni mwa nyumba yake. Ungekuwa wewe ungefikirije?

"Umetimiza!" Bi Mwanahawa anapiga kelele. "Umetimiza ulichosema! Mjumbe aitwe!"

Mama Shedrack kasimama mlangoni, mikono kifuani. "Sijampa kitu mie. Mungu wangu anaona."

Nilipoinama kumshika paka, pua yangu ikanusa ile harufu. Nikajua. Sikuhitaji kitabu wala maabara.

Na nikanyamaza.

Nikatoa simu nikampigia Dokta Neema, kliniki ya wanyama kule Temeke. Dokta Neema alifanyaga mafunzo ya vitendo kwangu akiwa mwanafunzi, binti mwembamba anayeogopa jogoo. Siku hizi ni daktari kamili, na paka ndio kazi yake. Mikono yangu ilikuwa imemshika mgonjwa, kwa hiyo simu nikampa Bi Mwanahawa anishikie, sauti imefunguliwa, watu wote wanasikia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Nina paka hapa anatetemeka, anatoa udenda."

"Amekula nini?"

Macho ya mtaa mzima yananitazama. Nikasema, "Nadhani… sumu ya panya."

Watu wakaguna, "Ee! Si tulisema?" Mama Shedrack akanitazama. Hakuwa na hasira hata. Alinitazama kama mtu anayeona mlango wa mwisho ukifungwa. Mpaka leo nikiukumbuka uso ule naona aibu.

"Sumu ya aina gani Mzee? Mmeona pakiti? Amekula chambo, ametapika?"

"Hatujaona."

Yule binti akasema, kwa upole kabisa: "Mzee, nikimtibu sumu ya panya kumbe siyo, namuua kwa kuchelewa. Saa zenyewe ndizo hizi. Leo hajapakwa wala kupuliziwa kitu chochote? Hata cha viroboto?"

Vijana, nilikuwa nimefanya kazi miaka zaidi ya thelathini. Nimevuta ndama aliyekwama, nimekimbizwa na nguruwe, nimeandika ripoti za kuku waliokufa mpaka mkono ukauma. Sijawahi kuona jambo zito kama kufungua mdomo wangu pale. Nilimtazama Kandambili. Alikuwa bado anaunguruma mkononi mwangu, katikati ya mitetemeko, anajibembeleza.

"Nimempulizia dawa ya kuogeshea mbuzi," nikasema. "Saa nne asubuhi. Mie mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyempa kitu."

Hata watoto waliacha kutafuna.

Dokta Neema hakunigombeza. Alisema, "Asante kwa kusema, Mzee. Sasa tunaweza kumsaidia. Mwogesheni haraka kwa sabuni ya maji ya vyombo, ile inayokata mafuta, na maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto wala ya baridi. Mfikie mpaka kwenye ngozi, suuza, rudia. Mkausheni, mfunikeni apate joto, mje mbio. Msimnyweshe maziwa, msimnyweshe mafuta, msimnyweshe chochote, atapaliwa."

Bi Mwanahawa alikuwa bado ameshika simu. Akanirudishia bila kunitazama. "Sabuni ninayo, Bwana Afisa," akasema.

Bwana Afisa! Miaka yote nimeitwa mtani, mchawi, mla nyama ya punda, na sijaumia. Lile la Bwana Afisa lilinichoma.

Maji ya uvuguvugu yaliletwa na mtu tusiyemtegemea. Mama Shedrack alitoka jikoni kwake na beseni linalofuka kidogo, akaliweka chini mbele yangu, akarudi ndani, akafunga mlango. Hakuna aliyemwambia asante, tulikuwa tumeinamisha vichwa.

Kliniki tulifika kwa bajaji, Kandambili kafungwa kwenye taulo, mie na Bi Mwanahawa tumemshika. Dokta Neema akamchoma sindano ya kutuliza mitetemeko, akamwekea dripu, akamwogesha tena. "Atakaa hapa siku tatu," akasema. "Siwezi kuwaahidi, lakini mmewahi. Wengi huletwa siku ya pili, na hakuna anayesema alichompa."

Niliketi kwenye benchi la pale nikaona mambo ambayo nyie mnayafahamu na mie nilikuwa siyafahamu. Mbaba mmoja kaleta paka dume anayekwenda kujisaidia kila dakika na hakuna kinachotoka. Nikadhani amefunga choo, ningempa mafuta ya kula. Kumbe mkojo ndio umezibwa, na dume wa namna hiyo halali nyumbani hata siku moja, anapelekwa saa hiyo hiyo. Dada mwingine paka wake alikuwa na homa, akampa nusu kidonge cha Panadol, kwa upendo kabisa. Panadol kwa paka ni sumu, damu yake inashindwa kubeba hewa. Yule dada alilia pale, na alikuwa na mtu wa kulia naye, mie.

Dokta Neema akatupa kopo la maziwa ya watoto wa paka na sirinji isiyo na sindano. "Watoto wasinyonye mpaka mama atakate. Wako wapi?"

"Kwenye boksi," Bi Mwanahawa akajibu.

Tulirudi. Boksi lilikuwa tupu.

Bi Mwanahawa alipiga magoti, akatazama chini ya kitanda, nyuma ya magunia, ndani ya sufuria. Hakuna. Akasimama, na sura yake ikabadilika. "Sawa, dawa ni yako, Bwana Afisa. Na watoto? Watoto wameota mabawa? Yule mwanamke ameona nimetoka, amewatupa!" Akaelekea mlangoni.

Nikamzuia. "Ngoja. Nipe dakika tano. Kosa la leo ni langu, usimwongezee mwenzako."

Nikaliinua boksi nikalinusa. Hata mie, pua yangu ya kizee, iliyochoka na samadi, ilisikia dawa yangu. Sasa fikirieni pua ya paka. Paka anakunusa leo akajua jana ulikuwa kwa nani. Mmewahi kumwona ananusa kitu halafu anabaki kaacha mdomo wazi kama aliyeshangaa? Hashangai yule, ana sehemu nyingine ya kunusia juu ya kaakaa, anaionja harufu. Mama paka akisikia harufu mbaya kwenye malazi ya wanawe hasubiri mkutano, anawahamisha, mmoja mmoja, kwa ukosi wa shingo.

Na Kandambili aliwahamisha wote wanne huku sumu yangu imeshaanza kumpanda. Aliruka ule ukuta mara nne na kitu mdomoni, ya tano, mdomo mtupu, akaangukia kando ya pipa. Nilipoelewa hivyo nilikaa kwenye kitanda cha mtu nikalia. Nasema kama ilivyokuwa, nililia.

Bi Mwanahawa aliniacha nilie. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa amewapeleka wapi?"

"Anatafuta pakavu, penye giza, penye joto, pasipo na kelele. Na kwa mtu asiyemwogopa."

Tukatoka nje, nikawaomba watu wanyamaze. Sauti ya kipaka ni nyembamba mno, ipo kule juu ambako sikio la paka linasikia vizuri na langu linababaisha. Nilizunguka ukuta nikiwa nimeinamisha kichwa kama fundi redio. Chini ya dirisha la chumba cha nyuma cha Mama Shedrack nikaisikia: nyii.

Nikapiga hodi. Mlango ukafunguka kidogo.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuomba radhi, halafu nimekuja kutafuta watoto."

Akanitazama muda mrefu, akafungua. Chumba cha nyuma kulikuwa na beseni kubwa la majoho ya kwaya, meupe, yamefuliwa na kukunjwa. Katikati ya majoho wamelala watoto wanne, wamebanana. Pembeni yao chupa ya maji ya moto imefungwa kwenye kitenge. Na sakafuni kisahani kipana cha vichwa vya dagaa, vimechambuliwa vizuri, kwa mpangilio.

"Mama Shedrack. Hiki kisahani ni cha leo?"

Akatazama dirishani. "Huu mwezi wa tatu sasa. Anakuja anakaa pale, ananitazama nikikaanga. Ningefanyaje? Bakuli alikuwa halitaki, masharubu yake yanagusa kingo, nikamnunulia kisahani."

"Na ile sumu uliyosema bombani?"

"Maneno ya bombani yale, Bwana Mifugo! Mtu anakupigia kelele mbele ya watu, utamjibu kwa zaburi? Hawa nimewakuta mchana. Ningesema, si mngesema nimewaiba?"

Nilipomweleza Bi Mwanahawa, akasema alishaapa hatakanyaga mlango ule, na kiapo ni kiapo. Kuwahamisha watoto tena sikutaka. Basi kwa siku tatu mie, mtu mzima na mvi zangu, nikawa tarishi. Bi Mwanahawa anakoroga maziwa kwake, anayapima joto mkononi, mie nayabeba, Mama Shedrack analisha. Nusu saa haikupita bila sauti kuruka ukuta.

"Bwana Afisa, mwambie awalishe kifudifudi!"

"Mwambie najua!"

Hakujua. Wa kwanza alimlaza chali mkononi kama mtoto wa mtu, maziwa yakamtokea puani. Paka ananyonya kifudifudi, miguu imekanyaga kitu, akilazwa chali anapaliwa. Na baada ya kula unachukua pamba yenye maji ya uvuguvugu unamfuta chini polepole mpaka akojoe, kwa sababu katika umri ule bila ulimi wa mama hawezi. Mama Shedrack alifuta huku anasonya: "Nimezaa watano, sijawahi kumbembeleza mtu akojoe." Siku ya pili nikamsikia anawaimbia sauti ya tatu ya kwaya.

Naona mnacheka. Chekeni, ndiyo faida ya uzee. Ila mjue kwamba tangu siku ile kila chupa yangu ya dawa ya kuogeshea iliandikwa kwa wino mwekundu: SI YA PAKA. Na kila mwanafunzi aliyekuja kwangu nilimsimulia kisa hiki siku ya kwanza, kabla hajajua mie ni nani, ili akikosea asinyamaze. Kukosea mtakosea. Mgonjwa wako anaweza kuishi na kosa lako, ila akiongezewa na ukimya wako anakufa. Na msione haya kufundishwa na mdogo. Mwalimu wangu wa tiba ya paka alikuwa binti niliyemshikia jogoo. Nyie wa leo mna bahati, mnauliza kabla ya kupulizia, mnapiga picha mnatuma, daktari anajibu kabla unywele haujakauka. Nawalaumu kwa mengi, kwa hilo nawapongeza.

Siku ya tatu Kandambili akarudi. Nilishuka kwenye bajaji na boksi kifuani. Amekonda, amenyolewa mguu mmoja palipokuwa na dripu, lakini macho yamefunguka. Dokta Neema alisema ametakata, anyonyeshe. Mtaa ukatoka tena kutazama, watu wale wale. Bi Mwanahawa kasimama mlangoni kwake, Mama Shedrack mlangoni kwake. Nikaliweka boksi chini katikati, nikalifungua.

Paka akatoka, akayumba, akakaa. Akanyanyua pua. Bi Mwanahawa akamwita jina lake kwa sauti ya kubembeleza, na mie roho ikawa juu, nikijiuliza kama watoto waliokamatwa na mikono ya watu wengi hivi atawapokea. Kandambili akamtazama bibi yake, akamfumbia macho taratibu. Kisha akageuka, akatembea kwa miguu inayotetemeka mpaka mlango wa Mama Shedrack, akapita katikati ya miguu yake, akaingia.

Tukasikia vipaka vinalia kwa pamoja, halafu vikanyamaza, na nyuma ya ukimya ule mngurumo.

Bi Mwanahawa alibaki pale. Alivuta khanga kichwani, akaishusha, akaivuta tena. Kisha akavuka zile hatua sita, akasimama mbele ya mlango aliouapia.

"Hodi."

"Karibu, dada," Mama Shedrack akaitika.

"Nilikutukana."

"Ulinitukana."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu wote hawa."

"Basi kesho nitakuomba radhi bombani, foleni ikiwa imejaa."

"Achana na bomba," Mama Shedrack akasema. "Vua viatu uingie. Hajawahi kukuona huku, atafurahi."

Bi Mwanahawa akavua viatu, akaingia, akishikwa mkono. Na mie, kwa kuwa nilikuwa nimebeba boksi na maziwa siku tatu mfululizo, nikaona zamu yangu imefika. Nikavua viatu nikanyanyua mguu.

"Wewe Mnyamwezi!" ikatoka sauti ya Bi Mwanahawa ndani. "Unakwenda wapi na mikono hiyo? Kanawe kwanza."

Nikaenda bombani nikanawa, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko.